AFP kuwa ya kawaida si sababu ya kuahirisha CT ya mzee

Mkuu, msiahirishe hiyo CT, picha ya kina ya ini. Umesema mzee ana homa ya ini B, ultrasaundi imeonyesha uvimbe, AFP, kipimo cha damu cha kutafuta saratani ya ini, imetoka 6, na mtu wa maabara kawaambia kwa namba hiyo ana miaka mingi mbele, basi mnasubiri mvune kwanza.

Mjomba wangu aliambiwa maneno hayohayo. AFP yake ilikuwa ya kawaida, jamaa wa maabara akagonga muhuri akasema ini safi, tukarudi nyumbani tukachinja kuku. CT ilipokuja kupigwa, saratani ilikuwa imeshaingia kwenye mshipa wa porta, ule unaopeleka damu ya utumbo kwenye ini. Habari ya upasuaji ikaishia hapo. Mpaka leo nikimkumbuka yule jamaa damu inanichemka. Kazi yake ni kupima damu, nani alimtuma ampangie mtu umri wa kuishi?

AFP ni protini ambayo ini la mtoto aliye tumboni huitengeneza kwa wingi, kisha hushuka baada ya kuzaliwa. Saratani nyingi za ini huirudisha juu, lakini si zote. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu ana AFP chini ya 20, na uvimbe anao. Homa ya ini B nayo ikiamka inaweza kuipandisha bila saratani yoyote. Ikivuka 400 kwa mwenye saratani, hapo ndipo inatabiri kitu: ugonjwa mkali, maisha mafupi zaidi. Ikiwa chini haikupi ahadi yoyote. Picha kwanza, protini baadaye!

Halafu fomu ileile ya mjomba ilikuwa na albumini, protini ya damu inayotengenezwa na ini, ya gramu 27 kwa lita, wakati kawaida huanzia 35. Hakuna aliyeitazama, macho yote yalikuwa kwenye AFP. Kwenye alama za Child-Pugh, ambazo madaktari hutumia kupima ini limeharibika kiasi gani, albumini chini ya 28 hupewa pointi za juu kabisa za ubaya. Mgonjwa wa saratani ya ini anaweza kufariki kwa sababu ini limechoka, hata uvimbe ukiwa haujawa mkubwa. Ndiyo maana tangu 2015 kuna kipimo cha ALBI, kinachotumia albumini na bilirubini (uchafu wa njano wa damu ambao ini huutoa) tu kukadiria hali ya ini. Itafute albumini kwenye karatasi za mzee leo hii.

Daktari akitaka kuongeza PIVKA-II, kipimo kingine cha damu cha saratani ya ini, mkubalie. Hiyo hupanda hasa saratani inapovamia mishipa. Ila kama mzee anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, mwambie daktari mapema, maana dawa hiyo nayo huipandisha.

Mpelekeni kwa bingwa wa ini wiki hii, mahindi watavuna majirani. Majibu ya CT yakitoka yaweke hapa.