Karatasi Isiyo na Kiapo: Maneno Machache kwa Makarani Wapya wa Kamati

Wiki iliyopita nilipita katika ofisi ya kamati mojawapo ya bunge letu la kaunti, majira ya saa kumi alasiri, nikamkuta karani msaidizi aliyeajiriwa mwaka huu akitoboa karatasi na kuzipanga katika faili za waheshimiwa. Zilikuwa zimebaki siku chache kabla ya kumpiga msasa, yaani kumhoji na kumchunguza kabla ya kuidhinishwa, mteule wa wadhifa wa waziri wa kaunti. Nilichukua faili ya juu nione mpangilio wake, kwa sababu faili ndiyo hunionyesha mapema kama kikao kitakwenda kwa utaratibu au kitageuka mnada wa samaki. Barua ya gavana ilikuwepo, wasifu ulikuwepo, na vyeti vya shule vilikuwepo pamoja na cheti cha Mamlaka ya Ushuru na kile cha Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Baada ya hapo kulikuwa na ukurasa uliochapishwa kutoka WhatsApp, ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi, ukimtuhumu mteule mambo mazito. Nilipouliza umetoka wapi, kijana alinijibu kwa adabu zake zote: "Mzee, umeletwa na mwananchi. Nimeona waheshimiwa wasikose habari."

Nilivuta kiti nikakaa. Sikuwa na hasira naye. Kosa lile lilikuwa langu kabla halijawa lake, na nilidhani nimelizika. Basi nawaandikia ninyi nyote mlioingia juzi. Akidi ni nini na mswada hupitia hatua zipi, hayo mmekwisha kuyafanyia mtihani.

1. Akidi, ile idadi ya chini ya wajumbe inayohitajika ili kikao kiamue jambo, huhesabiwa kwa vichwa, si kwa sahihi. Mheshimiwa hutia sahihi kwenye rejista, hunywa chai, hupokea simu, husema "narudi sasa hivi", na mkirudiana naye ni kikao kijacho anapoulizia marupurupu ya kikao kilichopita. Kabla mwenyekiti hajauliza kama ripoti imepitishwa, inua macho uhesabu viti vyenye watu. Iwapo hawatoshi, mwandikie mwenyekiti kikaratasi umsukumie. Atakununia, lakini kununiwa hupita, ilhali kumbukumbu za kikao kisicho na akidi zinaweza kusomwa tena mahakamani na wakili ambaye hana haraka yoyote.

2. Tangazo la kukusanya maoni ya umma halimalizi kazi yake kwa kuchapishwa gazetini. Kifungu cha 196 cha Katiba ya Kenya kinalitaka bunge la kaunti liwezeshe wananchi kushiriki katika kazi zake, kama vile Kifungu cha 118 kinavyolitaka Bunge kule Nairobi, na Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2019, katika kesi iliyoletwa na kampuni ya sigara kuhusu kanuni za tumbaku, kwamba ushiriki huo uwe wa kweli, usiwe wa kutimiza desturi tu. Nakubali kwamba maneno hayo ni mepesi kuyanukuu kuliko kuyabeba hadi kijijini. Niliwahi kwenda na kamati kukusanya maoni kuhusu mswada wa ada za masoko, tukiwa tumetangaza katika gazeti la Kiingereza ambalo pale halifiki. Ukumbi ulijaa kwa sababu chifu alikuwa ametangaza kwenye baraza lake kwa hiari yake, si kwa sababu yetu. Mama mmoja muuza ndizi alisimama, akakunja leso yake vizuri, akauliza: "Huo mswada mnaotaka tuuseme uko wapi tuuone?" Tulikuwa na nakala tano, nne zikiwa mikononi mwa waheshimiwa wenyewe. Tulimpa ile ya tano. Aliigeuza huku na huku, akasema imeandikwa kwa lugha ya mahakama, kisha akaanza kuuliza kipengele kimoja kimoja ada ni ya siku au ya gunia. Maoni bora tuliyoyapata mwaka ule yalitoka kwa yule mama, na sehemu iliyomhusu ilirekebishwa. Tangu siku ile sitoki ofisini bila muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, wala bila kupiga simu kwa redio ya eneo, chifu, msikiti na kanisa.

Jedwali la maoni nalo msilifanye usiku wa kuamkia siku ya ripoti. Kila aliyetoa hoja aingie: amesema nini, kuhusu kifungu kipi, kamati imekubali au imekataa, na kwa sababu gani. Najua kuna atakayenikumbusha kwamba Mahakama ya Rufani iliiangusha Sheria ya Fedha ya 2023 yote mnamo 31 Julai 2024, miongoni mwa sababu ikiwa ni Bunge kutoeleza kwa nini lilikubali au kukataa maoni ya umma, na kwamba Mahakama ya Juu iliubatilisha uamuzi huo 29 Oktoba mwaka uleule, ikisema sheria hailazimishi waziwazi sababu hizo kuandikwa. Ni kweli. Ziandikeni hata hivyo. Mahakama iliyokuondolea wajibu haikukukataza adabu, na yule mama wa ndizi akija kuuliza hoja yake ilikwenda wapi, hutamsomea hukumu.

3. Shahidi anapoapishwa, hakikisha mezani pana Biblia, Kurani na kadi ya uthibitisho kwa asiyetaka kuapa kwa kitabu. Siku moja tuliazima msahafu kwa mlinzi wa lango huku shahidi, mkurugenzi mzima, akisubiri amenyanyua mkono. Kifungu cha 195 kinaipa kamati ya bunge la kaunti uwezo kama wa Mahakama Kuu wa kumwita shahidi na kumhoji kwa kiapo, halafu karani anakosa kitabu cha kuapia!

4. Sasa nifike palipoanzia haya yote.

Baada ya uchaguzi wa 2017 magavana walileta majina ya mawaziri wao, nasi tulikuwa na sheria mpya ya mwaka huohuo kuhusu jinsi mabunge ya kaunti yanavyoidhinisha uteuzi. Mnaijua: kamati hutazama utaratibu uliotumika kumpata mteule, kama ametimiza matakwa ya Katiba na sheria, na kama anaufaa wadhifa kwa uwezo na tajiriba yake, na mtu yeyote mwenye ushahidi wa kumpinga anaweza kumpelekea Karani wa Bunge, kabla ya kikao, taarifa ya maandishi aliyoitolea kiapo. Tangazo letu lilisema hivyo wazi. Nililiandika mimi mwenyewe, maneno "kwa kiapo" nikayakolezea wino.

Siku ya mwisho, saa kumi na moja kasoro dakika chache, bahasha ya kaki ililetwa na mwendesha bodaboda ambaye hakuzima hata pikipiki. Ndani mlikuwa na kurasa mbili zilizoandikwa kwa mkono, kwa wino wa buluu, zikidai kwamba mteule mmoja alifukuzwa katika chama cha ushirika alichokiongoza kwa sababu ya fedha za wakulima zilizopotea. Chini palikuwa na jina na sahihi. Hapakuwa na muhuri wa Kamishna wa Viapo, yule mwenye idhini ya kisheria ya kumwapisha mtu kwa hati, wala nambari ya kitambulisho, wala anwani.

Kwa miaka mingi nilipokuwa nikisimulia kisa hiki nilisema nilikuwa na haraka, na kwamba mshauri wetu wa kisheria alikuwa katika mkutano mwingine. Yote mawili ni kweli na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Sababu ni kwamba niliisoma ile barua mara mbili, moyo ukanienda mbio, nikajiona nimeshika jambo kubwa ambalo waheshimiwa kesho wangeuliza limeletwa na nani, na jibu lingekuwa mimi. Nilitaka kuonekana. Nikaenda kwenye mashine, nikatoa nakala 13, nikazitoboa, nikazitia kwenye faili baada ya vyeti. Mteule sikumpelekea nakala. Wazo hilo halikunijia kabisa.

Asubuhi yake ukumbi ulikuwa wazi kwa umma na redio ya eneo ilikuwa ikirusha moja kwa moja. Mteule alieleza mali yake na madeni yake, akajibu kuhusu shahada yake bila kubabaika, tukawa tunakaribia mwisho. Hapo mheshimiwa mmoja, ambaye katika miaka yote niliyomhudumia hakuwahi kufungua faili, siku hiyo akaifungua. Aliisoma barua sentensi kwa sentensi, kwa sauti ya mtu anayesoma wosia. Alipomaliza, mteule alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba nami nipewe hati hiyo, na naomba kujua ni nani aliyeapa kwamba yaliyomo ni kweli." Mwenyekiti alimgeukia mshauri wa kisheria. Mshauri alipekua faili, akapekua tena, akanigeukia mimi. Mimi nilikuwa naandika. Hakuna aliyekuwa akisema neno, nami naandika tu. Rasimu ya kumbukumbu za siku ile bado ninayo, na pale katikati pana mistari miwili ya wino uliozungukazunguka isiyo na herufi hata moja.

Kikao kiliahirishwa kwa dakika 30. Tuliporudi, mwenyekiti aliamuru barua iondolewe katika kumbukumbu, ikaondolewa, lakini redio haina kifutio. Mwenye jina lile alitafutwa chamani asijulikane hata na mzee mmoja. Kesho yake mteule alileta barua ya chama kwamba aliacha kazi kwa hiari yake, pamoja na hesabu zilizokaguliwa za miaka yake yote, akaidhinishwa na kuapishwa. Wiki kadhaa baadaye alinikuta kwenye ujia, akanisalimia kwa jina, akaniambia bila kupandisha sauti kwamba mama yake alisikia ile barua redioni akiwa shambani anapalilia. "Amepokea wageni wa pole siku tatu," alisema, "na nyumbani hakuna aliyekufa."

Karani wa Bunge alinipa barua ya onyo, ambayo ninayo kwenye droo hadi leo. Adhabu ya pili aliitoa yule bwana mwenyewe: kila alipokuja mbele ya kamati kutetea bajeti ya idara yake, kabla hajafungua mkoba, alinitazama na kuuliza, "Karani, karatasi za leo zimeapiwa?" Waheshimiwa walicheka. Mimi nilicheka pia, kama anavyocheka mtu aliyekanyagwa kidole na mgeni wa heshima.

Kwa hiyo karatasi ya kumpinga mteule iwe na kiapo mbele ya kamishna, igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe na saa, isomwe na mshauri wa kisheria, kisha mteule apewe nakala yake mapema. Ikikosa lolote kati ya hayo, isitobolewe.

Yule kijana wa wiki iliyopita hakuridhika, na nilimpenda kwa hilo. Aliniuliza kama huko si kuwaficha waheshimiwa mambo ambayo huenda ni kweli. Nilimwambia kwamba mwenye kujua jambo ana mlango wake, na mlango huo una kizingiti kwa makusudi, maana anayeapa uongo anajua kwamba sheria inaweza kumfuata nyumbani, ilhali anayesambaza ujumbe hafuatwi na mtu. Sikumficha pia upande wa pili: hati ya kiapo humwanika mwenye kuitoa, na katika kaunti ambapo kila mtu ana shemeji serikalini, nimewaona watu wenye ukweli wakirudi nyumbani nao. Sheria haijawatendea haki watu hao. Hata hivyo, dawa ya kasoro hiyo haipatikani kwenye mashine ya karani ya kutolea nakala.

5. Ripoti ya kamati si neno la mwisho, basi msiiandike kama hukumu. Mwaka 2022 Kamati ya Uteuzi ya Bunge la Kitaifa ilipendekeza Penina Malonza asiidhinishwe kuwa waziri wa utalii, na wabunge walipokutana ukumbini wakamwidhinisha. Kazi yenu ni kuweka mezani kilichosemwa na kilichoonekana, kwa mpangilio ambao hata asiyekubaliana na kamati ataweza kuutumia. Tena hesabuni siku tangu notisi ya uteuzi ilipotolewa, wala si tangu mlipoiona: kwa sheria ya 2011 inayotumika katika Bunge la Kitaifa, siku 28 zikipita bila wabunge kuidhinisha wala kukataa, mteule huhesabiwa kuwa ameidhinishwa. Karani aliyelala anaweza kumteua waziri.

Tulikaa na yule kijana hadi magharibi tukifungua faili moja baada ya nyingine na kuutoa ule ukurasa. Nilimwomba ampigie simu aliyeuleta, amweleze kwa upole hati ya kiapo huandikwaje na Kamishna wa Viapo aliye karibu hupatikana wapi, na amtajie siku ya mwisho, kwamba ni Ijumaa saa kumi na moja jioni. Simu iliita, ikapokelewa, kijana akaeleza yote vizuri kunishinda mimi. Upande wa pili ulinyamaza, kisha ukauliza kama ni lazima jina lake liandikwe.