Kabla hujaongeza mandhari nyeusi, zipe rangi zako kazi

Msomaji ameuliza: programu yake ya Qt (maktaba ya kutengenezea madirisha na vitufe) inamruhusu mtumiaji kuchagua mandhari nyeupe au nyeusi, lakini akibadili, nusu ya madirisha inatii na nusu inabaki ilivyokuwa. Viungo vya kubofya havisomeki. Vitufe vilivyozimwa vinaonekana kama vinabonyezeka. Anashuku Qt ina hitilafu. Haina. Tatizo ni rangi zilizotawanywa ndani ya msimbo wa programu, na inauma kuona programu nzuri zikiharibika kwa jambo hilihili.

Tafuta alama ya #, inayoanza rangi kama #121212, katika mradi wote. Kila rangi iliyoandikwa moja kwa moja kwenye wijeti (kitufe, kisanduku au sehemu nyingine ya dirisha), kupitia setStyleSheet, inaishinda paleti, yaani orodha ya rangi ya programu nzima. Ndiyo maana madirisha yale hayabadiliki. Zing'oe zote, uziweke mahali pamoja na kuzipa majina ya kazi: usuli, paneli, maandishi, maandishi_hafifu, mpaka, msisitizo, kiungo, kosa. Usiite rangi "kijivu_cheupe", kwa sababu mandhari ikigeuka nyeusi jina hilo litakuwa uongo. Majina kumi au kumi na mawili yanatosha programu nyingi. Kila mandhari iwe faili moja yenye majina yaleyale, na jina likikosekana, programu ichukue thamani ya mandhari ya msingi badala ya kuanguka.

Kisha weka app.setStyle("Fusion") (mtindo wa Qt yenyewe) na ujaze QPalette, yaani paleti ya Qt. Mitindo asilia ya mfumo hupuuza baadhi ya rangi za paleti, Fusion huzifuata. Hapa ndipo vile vitufe vilivyozimwa vinapoharibika: setColor ukiipa jukumu (kama ButtonText, maandishi ya kitufe) na rangi tu, inajaza makundi yote matatu, Active, Inactive na Disabled (vilivyozimwa). Kitufe kilichozimwa kinabaki na maandishi angavu. Rudia kwa kutaja kundi: QPalette.Disabled kwa ButtonText, WindowText na Text.

Sasa viungo. Buluu ya #0000FF juu ya nyeupe ina uwiano wa utofautishaji (tofauti ya mwanga kati ya rangi mbili) wa takriban 8.6:1. Ihamishe juu ya #121212, inashuka hadi 2.2:1, ilhali WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, inadai angalau 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida. Weka #8AB4F8, unapata karibu 8.9:1. Jicho si kipimo hapa: juu ya nyeupe, #777777 inafeli kwa 4.48:1 na #767676 inapita kwa 4.54:1, na hakuna mtu anayeweza kuzitofautisha kwa kutazama. Piga hesabu kwa kila jozi ya maandishi na usuli, katika kila mandhari.

Wanaotumia Tkinter (maktaba ya madirisha ya Python) wana mtego wao. Kwenye Windows, mandhari iitwayo vista haikubali kubadilishiwa usuli wa TButton (kitufe), hivyo anza na theme_use("clam"). Halafu configure peke yake haitoshi: kishale kikipita juu ya kitufe, rangi ya zamani inarudi, kwa kuwa clam ina ramani yake ya hali ya active. Tumia style.map, inayoweka rangi kwa kila hali. Kwa WPF (maktaba ya madirisha ya Microsoft), rangi iliyoitwa kwa StaticResource husomwa mara moja tu. Inayotakiwa kubadilika programu ikiwa wazi iite kwa DynamicResource.

Je, mtumiaji achague rangi zake mwenyewe? Ndiyo, lakini mpe rangi ya msisitizo tu. Ukimwachia zote kumi na mbili atajifungia nje ya programu yako, maandishi na usuli vikiwa rangi moja. Rangi ya maandishi yaliyo juu ya msisitizo ipige hesabu wewe: linganisha nyeusi na nyeupe, chukua yenye uwiano mkubwa. Akichagua njano ya #FFD600, nyeupe inapata 1.4:1 na nyeusi karibu 15:1.

Toa chaguo tatu: nyeupe, nyeusi, na fuata mfumo. Kuanzia Qt 6.5, ishara ya colorSchemeChanged kwenye QStyleHints inakuarifu mfumo ukibadilika. Ikoni zilizochorwa kwa nyeusi zitapotea gizani, kwa hiyo ziandalie seti ya pili.

Mwisho, weka kipanya kando. Fungua fomu ndefu kuliko zote, bonyeza Tab kutoka juu hadi chini katika kila mandhari, na uangalie kama unaona uliposimama. Mpaka wa kisanduku kilichochaguliwa unahitaji 3:1 dhidi ya usuli wake.