Dirisha jeupe, chumba giza

Ndugu, umeuliza kwa nini ukipiga picha ndani dirisha linatoka jeupe tupu, na ukiipunguzia kamera mwanga chumba kinazama gizani, ilhali macho yako yanaona vyote viwili. Kamera yako ni nzima.

Chukulia kila pikseli (nukta) ya kihisi, sehemu ya kamera inayopokea mwanga, ni kindoo kinachokinga mwanga. Vindoo vya dirishani hujaa wakati vya chumbani vimepata matone machache tu. Kindoo kikishajaa, kinachozidi kinapotea: wingu na anga vinasomeka sawa, na hakuna programu itakayovitenganisha tena. Kwenye kivuli shida ni nyingine. Mwanga ulioingia ni haba, kwa hiyo ukiung'arisha baadaye unapata chenga.

Piga picha tatu: moja ya kawaida, moja yenye robo ya mwanga huo, nyingine yenye mara 4. Badilisha muda wa shata tu, yaani muda ambao kihisi kinapokea mwanga; tundu la lenzi usiliguse. Programu ya kuunganisha picha itachukua dirisha kutoka ile ya giza na pembe za chumba kutoka ile angavu. Tumia stendi, na uzime feni. Pazia likipepea litatoka na kingo mbilimbili.

Kama kuna mtu anatembea, piga moja tu, kwa RAW, yaani faili lenye data ghafi ya kihisi. JPEG, faili la picha la kawaida, ina ngazi 256 za mwangaza kwa kila rangi. RAW ya biti 14 ina 16,384. Pimia mwanga dirishani, kisha inua vivuli kwenye kompyuta. Mimi huanza na njia hii. Tazama histogramu kila mara, ile grafu ya mwangaza wa picha, giza kushoto na angavu kulia: ikigandamana ukingo wa kulia, punguza mwanga upige tena.