Usitie dawa ya mbu bwawani, mkuu

Mkuu uliyeandika kutoka Kigamboni, weka hiyo chupa chini kwanza. Umeuliza bwawa la nyumbani liwe na kina gani, utandike turubai la aina gani, na dawa ya wadudu utie vifuniko vingapi ili mbu wasizaliane. Hilo la mwisho limenifanya niache chakula mezani.

Mimi nilitia. Goba, bwawa la mita 4 kwa 3, perege zaidi ya 100. Muuzaji wa duka la pembejeo alinikazia macho akasema, "Hii inaua mbu tu, samaki haiwagusi." Kumbe ni dawa ya jamii ya pairethroidi, na hiyo kwa samaki ni sumu kali hata ikiwa kidogo. Alfajiri perege wote walikuwa wanaelea, matumbo juu. Mwanangu alikuwa ameshawapa wengine majina! Nilipomrudia yule bwana, akaniambia labda maji yangu yalikuwa machafu. Anauza sumu bila kusoma karatasi yake, halafu lawama anayapa maji.

Tena samaki si kitu, vifaranga unanunua vingine. Kilichoniumiza ni kwamba dawa ilimaliza na watoto wa kereng'ende. Hao kabla hawajaota mabawa wanaishi chini ya maji kwa miezi, na wanakula viluwiluwi vya mbu. Mbu kwa joto letu la Dar anatoka kwenye yai hadi kuruka kwa siku 10 hivi. Nani aliwahi kurudi? Wiki ya tatu barazani hapakaliki.

Bwawani haiingii dawa. Si kifuniko, si tone. Tia perege, panda mayungiyungi, acha nyasi pembeni. Kereng'ende na vyura watakuja wenyewe. Ukiona povu jeupe linaning'inia tawini juu ya maji, usilifagie, kuna chura ametaga humo na watoto wake watadondokea majini. Kwangu siku hizi mdiria anatua kila asubuhi, anachukua samaki wake mmoja, simfukuzi.

Na mbu wa homa ya dengi, waliotutesa 2014 na 2019, wanapenda kutaga kwenye vifuu, matairi na ndoo zilizotuama maji. Zunguka nyuma ya nyumba jioni hii uvimwage.

Hiyo chupa umeshaifungua? Kama bado, kesho asubuhi irudishe dukani.