«Employ»: wanatuajiri ao wanatutumikisha?

Swali: Mimi natumika ku depo ya dawa hapa Kadutu, Bukavu. Katika kontra yetu ya Kiingereza wameandika «employ» juu yetu, kisha wakaiandika tena juu ya mashini za kupima. Neno moja kwa watu na mashini? Wanatuajiri ao wanatutumikisha?

Jibu: Ndugu, usiumie moyo. Waingereza walilichukua neno hilo kwa Wafaransa, nawe umelijua tangu shuleni: «employer», lililozaa «employé», mfanyakazi, na «mode d'emploi», maelezo ya kutumia kitu. Mfanyakazi na karatasi inayokuja na redio mpya wametoka tumbo moja.

Tazama kinachofuata kitenzi. Akifuata mtu, ni kuajiri, na mshahara umo. Kikifuata chombo au mbinu, ni kutumia, tena kwa lugha ya maandishi. Akizungumza, Mwingereza husema «use». Gari la kukodi halimo: hapo atasema «hire».

Kiswahili kinatenganisha. Kuajiri ni ndugu wa ujira, yote ya asili ya Kiarabu, kwa hiyo mashine haiajiriwi. Lakini uchunge sana kutumia. Ukiandika «kampuni inamtumia Furaha», mmoja atauliza inamtumia nini, pesa au barua? Mwingine ataelewa kwamba Furaha ananyonywa.

Hapa kwetu kuna jambo la ziada, na ndilo lililokutia wasiwasi. Sisi kutumika ni kufanya kazi. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika barua ya kuomba kazi Dar es Salaam: «Nimetumika miaka sita.» Kule ataeleweka kama kitu kilichotumiwa miaka sita. Nilimwandikia pembeni: «nimefanya kazi». Sikumwambia neno letu ni bovu, maana si bovu; limetoka kwenye tuma, mzizi uleule uliotupa mtumishi, na wazee wetu wamelea watoto kwalo.

Kutumikisha nako ni hivyo. Bukavu tunatumikisha simu, tunatumikisha makala (mkaa) jikoni, wala hakuna anayeonewa. Katika Kiswahili sanifu, kumtumikisha mtu ni kumfanyisha kazi kama mtumwa. Usiliweke kwenye kontra hata kidogo.

Tafsiri yenu iwe hivi: «Kampuni inaajiri wafanyakazi wa depo, na inatumia mashine za kupimia dawa.» Vitenzi viwili, hata kama Kiingereza kimeweka kimoja.