Vibua walioiva, uso ukawaka

SWALI: Nilikula vibua kutoka Dar es Salaam, wamekaangwa wakaiva. Robo saa baadaye uso ukawaka, kichwa kikanigonga. Nina mzio wa samaki? – Msomaji, Mbeya

JIBU: Pole sana. Huenda si mzio bali ni sumu ya histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio. Vibua na jodari wakikosa barafu, bakteria huizalisha ndani ya nyama, na kikaango hakiiondoi. Harufu yaweza kuwa nzuri tu! Safari ni zaidi ya kilomita 800, na baridi ya Uyole, hapo Mbeya, si jokofu: samaki hawa wanahitaji chini ya nyuzi 4. Muuzaji apange kilo 1 ya barafu iliyopondwa kwa kilo 1 ya samaki, tabaka kwa tabaka, maji yakitoka chini. Ulimi ukiwasha kama pilipili, tema. Dawa ya mzio hutuliza. Ukibanwa pumzi, kimbilia hospitali.