Fundi aliyekataa hela yako

Ndugu yangu, unauliza umshukuruje fundi aliyekwambia pedi za breki bado nzima, wakati wewe ulishafika gereji na hela ya mpya mkononi. Kwanza mlipe ukaguzi. Kufungua tairi nne na kupima ni kazi, hata kama hakubadilisha kitu. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi. Zikifika 3, toa. Muombe akuoneshe zilipofikia, uandike na kilomita za siku hiyo.

Halafu mpelekee wateja. Shemeji yangu alimpelekea wa kwake watu watatu, na gari lilipomzimikia Kimara usiku, fundi alimfuata na bodaboda, amebeba betri mapajani. Ila usianze kumkopa!